Kumaliza Mionzi Si Kumaliza Tiba: Mwanamke Aliyetibiwa Saratani ya Mlango wa Kizazi Afuatiliwe kwa Miaka

Utangulizi

Mwanamke anayetibiwa saratani ya mlango wa kizazi huhesabu siku. Huhesabu siku za mionzi, wiki za dripu ya dawa, na siku zilizobaki kabla ya kurudi kwa watoto wake. Anaporuhusiwa, ndugu husema amemaliza dozi, hospitali huandika kwamba matibabu yamekamilika, na katika taarifa ya mwaka huongezeka mgonjwa mmoja aliyehudumiwa. Kwa wote hao jambo limekwisha. Kumbe kipindi kitakachoonesha kama mwanamke huyo amepona ndiyo kwanza kinaanza.

Saratani hii inaongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2020 yalionesha kwamba wanawake zaidi ya 10,000 nchini hugundulika nayo kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki kwa sababu yake. Dunia nzima, katika mwaka huo, wagonjwa wapya walikadiriwa kuwa 604,000 na vifo 342,000. Takwimu hizi hutajwa sana katika semina na katika kampeni za uchunguzi. Swali lisiloulizwa vya kutosha ni lingine: wale waliotibiwa mwaka 2018, mwaka 2019 au mwaka 2020, wako wapi leo, na wanaishi vipi?

Makala haya yanashikilia kwamba ubora wa tiba ya saratani ya mlango wa kizazi hauwezi kupimwa kwa idadi ya wagonjwa walioanza tiba, wala kwa idadi ya waliomaliza. Hupimwa kwa idadi ya wanawake walio hai baada ya miaka mitano na kuendelea, na kwa namna wanavyoishi miaka hiyo. Kwa hiyo ufuatiliaji baada ya mionzi au upasuaji ni sehemu ya tiba yenyewe. Kituo kisichojua yaliyowapata wanawake wake hakiwezi kusema kwa uhakika kwamba kimewaponya.

Maana ya miaka mitano

Mgonjwa anapomsikia daktari akitaja "miaka mitano", mara nyingi huelewa kwamba amepewa miaka mitano ya kuishi. Maana yake ni tofauti kabisa. Miaka mitano ni kipimo kinachotumiwa na wataalamu kulinganisha matokeo: kati ya wanawake 100 waliogundulika wakati mmoja, ni wangapi wangali hai baada ya muda huo? Kipimo hiki kimechaguliwa kwa sababu ya tabia ya ugonjwa wenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi, ikirudi, kwa kawaida hurudi ndani ya miaka miwili hadi mitatu ya kwanza baada ya tiba. Mwanamke aliyevuka mwaka wa tano bila dalili ya ugonjwa ana sababu nzuri ya kuamini kwamba amepona.

Jambo linaloamua zaidi matokeo hayo ni hatua ambayo ugonjwa umefikia siku unapogunduliwa. Nchini Marekani, ambako kumbukumbu za wagonjwa hutunzwa kwa miongo mingi, takriban asilimia 91 ya wanawake ambao saratani yao ilikuwa bado kwenye mlango wa kizazi pekee huwa hai baada ya miaka mitano. Ugonjwa ukiwa umefika kwenye viungo vya jirani au kwenye tezi za limfu za nyonga, kiwango hicho hushuka hadi takriban asilimia 60. Ukiwa umesambaa hadi viungo vya mbali kama mapafu au ini, hubaki takriban asilimia 19.

Uchunguzi uliotumia rejista za saratani za nchi 11 za Afrika Kusini mwa Sahara, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba ni takriban thuluthi moja tu ya wanawake waliogundulika na saratani hii waliokuwa hai baada ya miaka mitano. Tofauti hiyo haitokani na miili ya wanawake wa Kiafrika. Inatokana na kuchelewa kufika hospitali, kutopata tiba kamili, tiba kukatika njiani, na ugonjwa kurudi pasipo mtu wa kuutambua mapema.

Takwimu hizi, hata hivyo, huzungumzia makundi ya watu. Haziwezi kumwambia mwanamke mmoja aliyeketi mbele ya daktari kwamba yeye atakuwa upande upi. Mhudumu wa afya anayezitaja anapaswa kueleza hivyo, ili namba isigeuke kuwa hukumu.

Wiki nane zinazoamua miaka

Saratani iliyo katika hatua za mwanzo kabisa hutibiwa kwa upasuaji. Wanawake wengi nchini, hata hivyo, hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea ndani ya nyonga, na hapo tiba kuu ni mionzi ikiambatana na dawa. Mwanamke hupata mionzi ya nje siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki tano, huku akipewa dawa ya sisplatini mara moja kwa wiki. Kisha hupata mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi huingizwa kwa muda mfupi karibu kabisa na uvimbe na kuondolewa. Mwaka 1999 majaribio kadhaa makubwa yalithibitisha kwamba kuongeza sisplatini juu ya mionzi huokoa maisha zaidi ya mionzi peke yake, na tangu hapo huo ndio umekuwa utaratibu unaokubalika duniani.

Utaratibu huo una sharti moja zito: tiba yote, ya nje na ya ndani, ikamilike ndani ya wiki nane. Seli za saratani zilizojeruhiwa na mionzi, zikipewa nafasi, hujirudisha na kuongezeka upya. Tafiti zimeonesha kwamba baada ya muda huo kila siku moja ya ucheleweshaji hupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa ndani ya nyonga kwa karibu asilimia moja. Siku kumi zinazopotea si jambo dogo. Ni sehemu ya uhai wa mgonjwa inayomponyoka pasipo yeye kuhisi chochote.

Siku hizo hupotea kwa njia nyingi. Mashine huharibika. Kiwango cha damu hushuka, na mgonjwa husubiri kuongezewa. Figo hushindwa kuistahimili dawa kwa sababu uvimbe umebana mirija ya mkojo. Foleni ya mionzi ya ndani huwa ndefu. Kwa upande wa familia, nauli huisha, mahali pa kulala hukosekana, msiba hutokea kijijini. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam, ilikuwa mahali pekee nchini palipotoa tiba ya mionzi, kabla ya huduma hiyo kuanzishwa pia katika Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Mwanamke kutoka Sumbawanga anayetibiwa Dar es Salaam yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao. Hata pale gharama ya tiba inaposamehewa, miezi miwili ya kuishi ugenini haisamehewi na mtu.

Yako mambo mawili ambayo kila mhudumu anayempa mgonjwa rufaa anapaswa kuyasema waziwazi. La kwanza ni kwamba safari hii ni ya takriban miezi miwili, na maandalizi ya fedha, malazi na malezi ya watoto yafanywe kwa kipimo hicho. La pili ni kwamba mionzi ya ndani si nyongeza. Wapo wanaoona damu imekoma kutoka baada ya wiki chache za mionzi ya nje, wakadhani wamepona na kurudi nyumbani. Kukoma kwa damu ni ishara njema, lakini mionzi ya nje peke yake kwa kawaida haifikishi kwenye uvimbe kiwango kinachohitajika kuuangamiza. Mwanamke anayeondoka hapo amebeba madhara ya tiba bila kupata faida yake kamili.

Yasiyojulikana ila kwa kufuatilia

Historia ya karibuni ya upasuaji wa saratani hii inatoa funzo. Kwa miaka kadhaa madaktari bingwa katika nchi nyingi waliacha upasuaji wa kufungua tumbo wakachagua upasuaji wa matundu madogo. Sababu zilionekana wazi: damu iliyopotea ilikuwa kidogo, maumivu yalikuwa machache, na mgonjwa alirudi nyumbani mapema. Aliyetazama wiki mbili za kwanza hakuwa na shaka ni upasuaji upi ulio bora.

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha wanawake 631 waliofuatiliwa kwa miaka. Baada ya miaka minne na nusu, wanawake waliokuwa hai bila ugonjwa walikuwa asilimia 96.5 kwa waliofunguliwa tumbo, na asilimia 86 kwa waliofanyiwa kwa matundu madogo. Vifo pia vilikuwa vingi zaidi katika kundi la pili. Njia iliyoonekana bora katika wiki mbili ilikuwa duni katika miaka minne. Kama wanawake hao wasingefuatiliwa, madaktari wangeendelea kuwafanyia wengine vivyo hivyo, kwa nia njema na kwa mikono yenye ustadi, na wanawake wangeendelea kufa.

Funzo la pili linatoka Botswana, nchi yenye wanawake wengi wanaoishi na VVU. Mwanamke mwenye VVU ana uwezekano wa takriban mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye na VVU. Kwa muda mrefu ilikuwepo dhana kwamba wanawake hao hawawezi kustahimili mionzi na dawa, na wengine wakapewa tiba pungufu kwa kuhurumiwa. Utafiti uliofanyika huko na kuchapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba, pale VVU inapodhibitiwa kwa dawa na mgonjwa kupewa tiba kamili ya saratani, idadi ya walio hai baada ya miaka miwili ilikaribiana sana kati ya wenye VVU na wasio nayo. Huruma ya kupunguza dozi ingekuwa kosa, na kosa hilo lisingejulikana kama pasingekuwa na watu waliohesabu.

Mifano hii miwili inajibu dhana kwamba kuweka kumbukumbu ni kazi ya watafiti tu. Faili la mwanamke aliyetibiwa miaka mitatu iliyopita ndilo linalomwelekeza daktari namna ya kumtibu mwanamke aliyefika leo.

Maisha baada ya kupona

Kuwa hai ni sehemu ya kwanza ya matokeo. Ya pili ni namna ya kuishi, na hapa ukimya ni mkubwa zaidi.

Mionzi inayoua saratani hupita pia kwenye kibofu, utumbo na uke. Baadhi ya madhara yake hutokea miezi au hata miaka baada ya tiba: damu kwenye choo kikubwa au kwenye mkojo, haja kubwa ya ghafla isiyozuilika, mkojo unaochoma, na mara chache tundu kati ya uke na kibofu au utumbo, yaani fistula. Miguu inaweza kuvimba kwa sababu njia za limfu zimeharibiwa na mionzi au kukatwa wakati wa upasuaji. Mifupa ya nyonga inaweza kudhoofika. Mwanamke ambaye bado alikuwa akipata hedhi huingia katika ukomo wa hedhi ghafla, pamoja na joto la mwili, kukosa usingizi na mabadiliko ya hisia, kwa sababu mionzi imezima kazi ya mayai yake.

Uke nao unaweza kukauka, kusinyaa na kuwa mfupi. Tendo la ndoa huwa maumivu, mwanamke hulikwepa, mume hudhani amekataliwa au huogopa kuambukizwa. Ndoa huvunjika kwa jambo ambalo lingeweza kuelezwa kwa dakika kumi. Saratani haiambukizwi kwa tendo la ndoa, na mionzi ya aina hizi haibaki mwilini mwa mwanamke baada ya tiba kukamilika. Vifaa vya kutanulia uke, vikianza kutumiwa wiki chache baada ya mionzi kwa maelekezo ya mtaalamu, hupunguza kusinyaa. Vilainishi husaidia. Hata dawa za homoni za kupunguza makali ya ukomo wa hedhi zinaweza kutumika kwa wengi kwa ushauri wa daktari, kwani aina ya saratani hii inayowapata wanawake wengi zaidi haichochewi na homoni hizo.

Kwa nini basi wanawake hawayapati haya? Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua, na kwa kawaida methali hiyo hunyooshwa kuelekea kwa mgonjwa. Katika jambo hili hana lawama. Hakuficha, hakuulizwa. Alikuja kliniki akapimwa, akaulizwa kuhusu damu na maumivu, akapewa tarehe ya kurudi. Mwanamke mtu mzima, mbele ya daktari kijana na wanafunzi wanne, hataanza yeye kuzungumzia kitanda chake. Ni wajibu wa mhudumu kuanza, kwa faragha na kwa lugha ya staha, na kuuliza kila anaporudi kuhusu choo, mkojo, usingizi, na unyumba. Palipo na mume, naye akaribishwe asikie mwenyewe.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni kwamba fedha chache zilizopo zielekezwe kwenye kinga. Hakuna mwenye akili timamu anayepinga kinga. Virusi vya HPV aina ya 16 na 18 husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii, na chanjo dhidi yao ipo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018. Shirika la Afya Duniani limeweka malengo ya mwaka 2030 ya kuchanja asilimia 90 ya wasichana kabla ya kutimiza miaka 15, kuchunguza asilimia 70 ya wanawake wakiwa na miaka 35 na tena 45, na kutibu asilimia 90 ya wanaokutwa na ugonjwa. Lakini msichana aliyechanjwa mwaka 2018 akiwa na miaka 14 atafikisha miaka 45 mwaka 2049. Wanawake watakaougua katika miaka 20 ijayo wengi wao ni watu wazima leo, na chanjo ile haikuwafikia. Lengo la tatu la Shirika hilo, la tiba, limewekwa kwa ajili yao. Na mwanamke aliyepona, anayesimama kanisani, msikitini au katika kikundi cha vikoba na kueleza kwamba alitibiwa akapona, huwaleta wenzake kwenye uchunguzi kwa nguvu kuliko bango lolote. Kinga na tiba havinyang'anyani. Moja huutegemea ushahidi wa nyingine.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Husemwa kwamba ugonjwa ukirudi baada ya mionzi mara nyingi hauponi tena, hivyo kuugundua mapema hakubadili kitu. Ni kweli kwamba uwezekano wa kupona hupungua sana. Lakini si kweli kwamba hakuna linalobadilika. Mwanamke aliyetibiwa kwa upasuaji peke yake, ugonjwa ukimrudia ndani ya nyonga, bado anaweza kupewa mionzi kwa nia ya kumponya. Wachache ambao ugonjwa umerudi katikati ya nyonga tu baada ya mionzi wanaweza kuokolewa kwa upasuaji mkubwa. Kwa wengine, dawa huongeza muda. Na kwa yule asiyeweza kuponywa, kujulikana mapema ndiyo tofauti kati ya kufa akiwa ametulizwa na kufa akipiga kelele. Maumivu ya saratani ya nyonga hutulizwa kwa mofini, damu inayotoka huweza kuzuiwa kwa mionzi michache, na figo zilizozibwa huweza kufunguliwa njia pale inapofaa. Mgonjwa aliyepotea katika ufuatiliaji hukosa tiba shufaa hiyo yote, na familia yake hubaki ikiamini kwamba hospitali haikuwa na la kufanya.

Pingamizi la tatu ni la gharama na upungufu wa watumishi. Madaktari bingwa ni wachache na kliniki zimejaa. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ufuatiliaji ungemhitaji daktari bingwa kila mara. Haumhitaji. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuuliza maswali sahihi, kumchunguza mgonjwa kwa kipimo cha uke na njia ya haja kubwa, kupapasa tezi, kutazama miguu na kupima damu. Hospitali ya wilaya inaweza kuyafanya haya, mradi iwe na maelekezo na namba ya simu ya mtu wa kumuuliza.

Yanayopaswa kufanyika

Kwa kituo kinachotoa tiba, jambo la kwanza ni kadi ya kuruhusiwa inayosomeka. Iwe na hatua ya ugonjwa, aina ya tiba, kiwango cha mionzi, idadi ya dozi za dawa, tarehe ya kumaliza, na mahali pa kurudi. Iandikwe kwa Kiswahili upande wa mgonjwa na kwa lugha ya kitaalamu upande wa mhudumu. Mwanamke anayefika zahanati ya kijijini akivuja damu miaka miwili baada ya tiba, akiwa na karatasi isiyoeleza kitu, huanza safari yake upya kama mgonjwa mpya.

La pili ni ratiba inayofuata tabia ya ugonjwa. Katika miaka miwili ya kwanza mgonjwa aonwe kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Tangu mwaka wa tatu hadi wa tano kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Kisha mara moja kwa mwaka. Si lazima marudio yote yafanyike Dar es Salaam au Mwanza. Mengine yafanywe karibu na nyumbani, na yale ya kituo kikuu yabaki kwa wenye dalili au wenye hatari kubwa. Kwa mwanamke anayeishi na VVU, marudio yaunganishwe na kliniki anayokwenda kuchukua dawa, kwa sababu tayari anakwenda, tayari anajulikana, na tayari yupo mtu anayemtafuta asipofika. Mfumo wa kuwafuatilia watumiaji wa dawa za VVU hadi majumbani umekwisha kujengwa nchini. Saratani haihitaji kubuni mwingine. Inahitaji kuazima huo.

La tatu ni kuhesabu. Kila kituo kiwe na mtu mwenye jukumu la kupiga simu kwa wasiofika, na namba mbili zichukuliwe siku ya kwanza, ya mgonjwa na ya ndugu wa karibu. Jibu lolote lina thamani: yu hai na mzima, yu hai na mgonjwa, amefariki na lini. Taarifa hizo zifike kwenye rejista ya saratani. Pale utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 unapojadiliwa, marudio ya wagonjwa wa saratani na usafiri wao yahesabiwe ndani ya tiba, yasiachwe nje kana kwamba ni matembezi.

Kwa mgonjwa na ndugu zake, lililo kubwa ni kuzijua dalili zisizosubiri tarehe ya kliniki: damu au uchafu wenye harufu kutoka ukeni, maumivu mapya ya kiuno, nyonga au mguu, mguu mmoja kuvimba, mkojo kupungua au kutoka wenyewe, kikohozi kisichopona, na kukonda pasipo sababu. Dalili hizi hazimaanishi daima kwamba saratani imerudi. Huweza kuwa madhara ya mionzi yanayotibika. Lakini anayeweza kutofautisha ni mtaalamu, na humtofautishia aliyefika. Mwanamke asiyeona dalili yoyote naye aende tarehe yake ikifika, kwa sababu kliniki ile imewekwa kwa ajili yake pia.

Hitimisho

Taifa limewekeza katika mashine za mionzi, katika mafunzo ya wataalamu na katika chanjo. Uwekezaji huo unastahili kujulikana umezaa nini, na jibu halimo katika orodha ya waliohudumiwa. Limo Sumbawanga, Tunduru, Kibondo na Pemba, kwa wanawake waliorudi makwao na kadi zao kwenye mikoba. Wengine wanalima na kuuza sokoni kama zamani. Wengine wanateseka na jambo linalotibika. Wengine wamekwisha kuzikwa, na katika faili zao bado imeandikwa kwamba matibabu yamekamilika. Kazi ya kila kituo ni kujua nani yuko katika kundi lipi, na inaweza kuanza kwa simu moja kwa kila mwanamke aliyemaliza mionzi mwaka jana.